Mguu wa Kushoto

Mwanakwerekwe, Unguja

Baba yangu, shikamoo.

Mama naye apokee shikamoo yake hapohapo, na usimwambie nimemtaja wa pili. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, na yale mafua niliyoyabeba kutoka nyumbani yalinifuata mpaka kwenye boti lakini sasa yameniachia. Ninyi je? Kifua cha Mama kimetulia? Mihogo ya nyuma ya nyumba mmeshaanza kuing'oa? Na yule jogoo wa Nyangeta mwenye fujo, bado anawakimbiza wageni, au mmeshamla?

Najua utaigeuzageuza hii bahasha na kusema, "Huyu Mafuru simu yake imeibiwa?" Haijaibiwa, ninayo mfukoni na salio lipo. Nimeamua tu kuandika. Naomba uvae miwani usome mwenyewe, usimpe Nyangeta akusomee kwa sauti, maana dada yangu namjua, atalia kila mstari na hutaambulia kitu.

Habari za huku. Kazi ipo. Bosi ameletewa magari mengine yaliyokatwa nusu, tunashinda kuyafungua vipuri, na joto la ndani ya lile ghala la mabati halisemeki. Chumba ni kilekile, maji yanatoka yakipenda. Samaki nakula wa maji chumvi, ni watamu, sikatai, ila ukinipa sato wa kwetu leo nitamla na miiba. Haji, yule fundi mwenzangu niliyekusimuliaga, bado ananicheka ninavyosema. Nikisema "nilikuwaga" anaacha spana chini. "Mafuru, hiyo ga yenu ya Musoma mnaibandika ya nini? Neno lilikuwa limeshatosha!" Mimi namjibu kwamba ya kwao ndiyo imepunguzwa njiani.

Lakini tangu nirudi kutoka likizo sina mzaha mwingi. Juzi nimefunga mkanda wa injini ya watu nikasahau kuukaza, bosi akanifokea mbele ya mteja. Haji akanivuta pembeni akaniuliza kama nina msiba. Nikamweleza yote. Aisee, Baba, Haji ni mtu wa kucheka hata penye kilio, lakini siku ile hakucheka.

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo utaona nakusimulia mambo yako mwenyewe. Nivumilie. Ya upande wako nimeshayajua, tena kwa kuchelewa. Nataka na wewe ujue ya upande wangu.

Uliponipigia kusema injini imenoki pale Makutano na mmevutwa na trekta mpaka Bweri, mimi nilifurahi. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye ghala letu kulikuwa na injini nilikuwa naipita kila siku naitamani, nikawa nimepata sababu. Ukoo ni uleule wa ile ya kwako, ukubwa uleule, matundu ya bolti yanalingana. Tofauti ni kwamba ya kwako ilikuwa ya kwendea sokoni na kanisani, hii ilitoka kwenye gari ya vijana wa resi. Chini haina kitu. Ukiikanyaga kidogo inaguna tu. Nguvu zake ziko juu, mshale wa mizunguko ukipita tano ndipo inaamka, na ukifika saba inapiga sauti mpaka nywele zinakusimama.

Nilipoisikia nilikumbuka ulipokuwa unanipakiaga mbele kwenye basi, pale juu ya boneti la injini palipokuwa panaunguza makalio, tunatoka Musoma kwenda Mwanza. Unaniambia, "Funga macho, sikiliza, niambie nibadilishe lini." Mimi nasema "Sasa!" na wewe unakanyaga klachi. Mara nyingi nilikuwa nakosea lakini ulibadilisha hivyohivyo, abiria wakalalamika. Nikasema mtu aliyenifundisha kusikiliza injini hawezi kuzeeka na injini ya kugunaguna. Nikaifunga kwenye mbao, nikaileta.

Masatu akaipachika pale gereji kwake, kwenye giaboksi ileile ya oto. Kazi yake haikuwa na kasoro, nasema tena, haikuwa na kasoro, maana baadaye nilimsema vibaya na nitafika huko. Shida ilikuwa oto yenyewe. Oto haimsubiri mtu. Ilikuwa imezoea injini ya zamani, ambayo mshale ukifika tatu imeshamaliza maneno yake, kwa hiyo ikifika tatu tu inapandisha gia. Ile injini mpya kila ikitaka kuamka inarudishwa kulala. Wewe ukanipigia.

"Mafuru, hii injini umeitoa wapi, kwenye cherehani?"

"Baba, hiyo ni injini ya resi!"

"Resi ya nani? Jana pale Balili nimepitwa na bodaboda kabeba mbuzi wawili. Mbuzi mmoja kageuka akaniangalia kwa huruma."

Tulicheka siku ile mpaka Mama akakuuliza kuna nini. Halafu nikakwambia injini haina kosa, kosa ni la oto, na mimi nitakutafutia giaboksi ya gia za mkono, na klachi yake, na kila kitu. Ukasema hapana, oto inakutosha. Sikuamini masikio yangu. Nikasema, "Baba, wewe? Dereva wa basi mzima, leo unang'ang'ania gari ya kina mama?"

Ukanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nikawa nasema haloo, haloo. Ndipo ukasema, "Mguu wa kushoto umechoka, Mafuru."

Sasa Baba, mimi nashinda gereji. Kuanzia asubuhi watu wanaingia wanasema mguu wa kulia unagonga, mguu wa kushoto umekufa, na sisi tunapiga jeki, tunazama chini ya gari, tunabadilisha shokapu. Ukinitajia mguu, mimi naona tairi na springi. Nikakuuliza, na nakumbuka nilivyouliza kwa haraka, kifundi kabisa:

"Wa mbele au wa nyuma?"

 Ukacheka kile kicheko chako cha puani.

"Wa mbele," ukasema.

"Basi usijali, nakutumia shokapu."

"Haya, mwanangu. Asante."

Nikatuma shokapu mbili, nzuri, za kampuni. Masatu akanipigia anashangaa: "Kaka, huu mguu wa mbele mzima kabisa, nani kakwambia umekufa?" Nikamkaripia. Nikamwambia mwenye gari ndiye anayejua gari yake, wewe funga unachoambiwa. Masikini Masatu! Na shokapu wewe ukazichukua ukaziweka uvunguni. Sikuuliza tena. Nilishaona hilo la mguu limekwisha.

Likizo ilipofika nikaja na giaboksi. Ninyi mlikuwa Bukima shambani, nikaona Mungu amenipangia, nitaifunga kabla hamjarudi. Nyangeta alinikuta uani nafungua mbao, akasimama na masufuria yake mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Gia za mkono. Za gari ya Baba."

"Umemwuliza?"

"Nikimwuliza inakuwa zawadi tena?"

"Mafuru, Baba anaipenda oto yake."

"Hajui anachokikosa huyo."

Akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Mimi nikaona nimeshinda, nikaendelea kung'oa misumari. Dada yangu alikuwa amekatazwa kusema, na mimi sikuwa mtu wa kumsaidia aseme.

Masatu na mimi tukaifanya ile kazi vizuri, hilo siwezi kulikana. Tukaitoa oto, tukaifunga kwenye magunia, tukaisukuma chini ya meza yake ya kazi. Tukaweka gia za mkono. Tukafunga pedali ya klachi pale chini palipokuwa patupu, palepale ulipokuwa unaulaza mguu wako ukiendesha. Tulipoijaribu kwenye lami kwenda Makutano, ile injini ikaamka kwa mara ya kwanza tangu ifike Mara. Masatu alipiga yowe. Watu wa pembeni ya barabara walisimama kuangalia, na mimi nilikuwa nimejaa sifa mpaka nikawapigia honi.

Halafu ikaja Jumapili. Ningekupa ule ufunguo nyumbani, wawili tu, ungeniambia. Leo naamini ungeniambia. Lakini mimi nikausubiri mpaka tumetoka kanisani Kigera, watu wamejaa uwanjani, wale mama zako wawili wa kwaya unaowapakiaga kila Jumapili wameshasogea mlangoni na vitabu vyao. Nikakuita kwa sauti. Nikakukabidhi ufunguo kama bwana harusi. Vigelegele vikapigwa. Ukafungua mlango, ukainama, ukaziangalia pedali tatu.

"Lo," ukasema.

 Kisha ukanirudishia ufunguo na kutabasamu kwa ajili ya watu. "Endesha wewe. Kwanza niisikilize."

Kila mtu akaona ni busara ya dereva mkongwe, mimi wa kwanza. Tukawashusha Mama na wenzake Bweri, tukaondoka wawili kwenda Butiama kwa Shangazi. Ulipokuwa unaingia kile kiti cha pembeni niliona umeshika kitambaa cha suruali hapo juu ya goti ukaupandisha mguu kwa mkono. Nilikuona, Baba. Nikadhani unahofia pasi ya suruali ya kanisani.

Kwa Shangazi pia niliona na sikuona. Hata hajakukaribisha vizuri, kakimbilia ndani kukuletea kiti kirefu, mimi kanionyesha kigoda. Nikajisemea dada mtu anampenda kaka yake. Tukanywa maziwa, akaniuliza habari za Unguja, akakuuliza wewe kwa Kijita kitu ambacho mlikijua wawili, ukamjibu kwa neno moja, akanitazama mimi. Nikaendelea kumweleza habari za injini.

Lakini njiani, Baba, njiani ilikuwa raha. Sitaki nikiandika haya ionekane siku yote ilikuwa mbaya. Ulifumba macho. Kila nilipobadilisha gia ulitikisa kichwa, na pale nilipochelewa makusudi kuiacha ipande mpaka saba, ulifumbua macho ukasema, "Inaimba." Basi. Tungegeuza pale, tungerudi Musoma, ningekuwa nakuandikia barua ya salamu tu.

Mimi nikapita Kiabakari, nikashika barabara kubwa, nikakata kushoto kuelekea Bunda.

"Unakwenda wapi?"

"Balili. Kuna mbuzi wawili wanakudai."

"Turudi, Mafuru. Mama yako anasubiri."

Nikacheka. Ulisema mara ya pili, turudi, nami nikaongeza mwendo ili uisikie. Katikati ya mwinuko nikasimama pembeni, nikavuta handbreki, nikazunguka, nikakufungulia mlango. "Sasa wewe."

Uliniangalia kwa muda. Nilidhani unafurahi na unaogopa kuonyesha. Ukashuka, ukazunguka gari kwa mbele umeshika boneti kwa mkono, taratibu, na mimi mjinga nikaona unaipapasa gari yako. Ukakaa kwenye usukani. Ndipo nikakuona unaunyanyua mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili na kuuweka juu ya klachi. Hapo niliona kweli. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, unasema, "Kanyaga mpaka chini, Baba, ni laini."

Ukakanyaga. Mguu ukatetemeka, ukashuka nusu, ukateleza. Gari ikaruka, ikazima, na handbreki ulikuwa umeshaiachia, tukaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu alikuwepo yule mama anakokota baiskeli yenye ndoo za dagaa. Ulikanyaga breki kwa mguu wa kulia mara moja, gari ikasimama mbali naye, hakuguswa. Lakini alikuwa ameshaitupa baiskeli na kukimbilia majanini, na dagaa wote wakamwagika kwenye lami.

Alirudi. Alikuwa na haki ya kusema. Akaja mpaka dirishani kwako akasema, "Mzee, kama hujui gari si ukae nyumbani!"

Pale Balili, Baba. Mlima uliopanda na kushuka na basi maisha yako yote, na watu wamelala nyuma bila wasiwasi kwa sababu ni wewe. Nilitaka kumrukia yule mama, nimwambie unajua unasema na nani? Wewe ukavua kofia.

"Nisamehe, mama," ukasema. "Umesema kweli."

Nikainama kuokota dagaa. Niliokota na mchanga, niliokota mpaka yule mama mwenyewe akaniambia basi inatosha, nikamlipa hasara yake akaenda. Nilikuwa naogopa kuinuka. Nilipoinuka ulikuwa bado kwenye usukani, mikono miwili juu, unaangalia mbele barabarani.

"Mguu wa kushoto, Mafuru," ukasema. "Nilikuambia."

Hukusema kwa hasira. Bora ungenizaba kofi.

Kurudi Musoma niliendesha mimi. Ile injini ikawa inaniaibisha, kila ikitaka kupanda naiona inatucheka wote wawili. Nikawa nabadilisha gia mapema, mshale ukifika tatu tu, ili isiimbe. Sijui kama uliliona hilo. Wewe husikii kitu usikielewe kwenye gari, kwa hiyo nadhani uliliona. Tulifika, ukatundika ufunguo kwenye msumari, ukaniambia, "Gari nzuri. Umefanya kazi nzuri." Mama akapakua chakula. Siku zilizobaki tulizungumza habari za mvua.

Nyangeta ndiye aliyenieleza, pale stendi ya Bweri, basi limeshawasha. Akaniambia unatembea umeshika kuta asubuhi mpaka mguu ukubali. Akaniambia oto ilikuwa ndiyo imekuokoa, maana mguu wa kulia ni mzima na oto haitaki zaidi ya huo, na kwamba ulikuwa unasema, "Nikiwa kwenye gari hakuna anayejua." Nikamfokea. Nikamwambia mbona mlinificha, mimi ni mtoto wa jirani?

"Alisema tusikwambie," akasema. "Alisema ameshakwambia mwenyewe, na wewe ukamtumia shokapu."

Nililia kwenye basi, Baba, mtu mzima na ndevu zangu. Konda akaninunulia soda, akanipa pole ya msiba, nikaipokea. Tulipofika Balili niligeuka upande wa pili.

Sasa kuna jambo linaloniuma kuliko yote hayo, na ni la kifundi, kwa hiyo wewe utalielewa. Ile pedali ya tatu haikuhitajika. Oto yako ina D, halafu chini yake ina 2 na L. Ukiacha kwenye D inaamua yenyewe, mapema, kama ulivyoona. Lakini ukivuta kwenye L inashika namba moja, ukivuta kwenye 2 haipandi zaidi ya namba mbili, na haitaachia mpaka uirudishe mwenyewe kwa mkono. Injini ingepanda. Ingepita tano, ingefika saba, ingeimba mlima mzima, na mguu wa kushoto umelala pale chini unapumzika. Kwenye tambarare unarudisha D ili giaboksi isichemke, basi. Nilikuwa nalijua hilo siku ile ya mbuzi. Lilikuwa ni neno moja la kwenye simu. Sikulisema kwa sababu nilishaitaka ile klachi, nilitaka nikuone unabadilisha gia kama zamani, na hilo la kutaka nikaliita zawadi yako.

Nililijaribu wiki iliyopita. Tuna gari ya mteja yenye oto kama ile yako. Nikaukunja mguu wa kushoto nyuma chini ya kiti, nikatoka nayo mpaka kwenye mwinuko wa huku, si mlima, ni kitu cha kuchekesha, lakini nikavuta 2 na ikashika. Mkono wa kushoto ukafanya kazi yote ya mguu. Haji aliniona narudi nimekaa upande, akauliza ninajifunza nini. Nikamwambia najifunza kuendesha gari ya Baba.

Nyangeta ananiambia tangu Jumapili ile hujakanyaga kanisani. Mama anapanda bodaboda, wale wenzake wawili wa kwaya mmoja anakuja kwa miguu na mmoja haji tena. Gari iko chini ya turubai, na mwalimu mmoja kutoka Bunda ameshakuja kuiangalia mara mbili. Sikuandikii kukukataza. Ukitaka kumwuzia, mwuzie, ni gari yako, na ataifurahia. Ukitaka irudi kama ilivyokuwa, oto bado iko kwa Masatu ndani ya magunia, haina hata vumbi. Nimempigia Masatu nimemwomba radhi kwa yale ya shokapu, na nimemwambia asishike hata nati moja mpaka akusikie wewe kwa mdomo wako, hata mimi nikimpigia kumbembeleza asinisikilize. Na ukisema hutaki gari kabisa, hutaki kuiona, nalo sawa. Ila ningeumia, Baba. Najua ungekaa hapo barazani ukisikia kila basi linalopita na usiseme neno.

Nisalimie Mama, mwambie yale mafuta ya kifua nimeyapata, yanakuja na mtu. Nisalimie dada yangu Nyangeta na umwambie ile hasira ya stendi ilikuwa yangu mimi na nafsi yangu, si yake. Shangazi wa Butiama mpe heshima zangu, yeye alinitazama na mimi nikaendelea kusema. Wale mama wa kwaya wote wawili nawaamkia, na Masatu pale gereji pamoja na mkewe aliyetupikia siku zote zile.

La mwisho, Baba. Nimejaza karatasi hizi zote kwa injini na giaboksi, na mpaka hapa sijui unaumwa nini. Nyangeta anasema nyonga, Mama ananiambia goti, wewe hujasema. Unauma, au unakufa ganzi? Ulianza ukiwa bado kazini? Umewahi kuanguka ukiwa peke yako? Ulipokwenda hospitali, kama ulikwenda, walikuambia nini? Nieleze kidogokidogo, nina muda, hata kama ni mistari miwili. Lakini niandikie, usinipigie. Kwenye simu tutaanza kuzungumza gari.

Mwanao,
Mafuru